Hoja ya Mpinzani Kwanza: Paris ya Karne ya 13 na Madarasa Yetu

Wapo wazazi Wakristo wanaompeleka mtoto chuo kikuu kwa furaha na hofu kwa pamoja. Furaha ni ya elimu. Hofu ni kwamba akifundishwa kuhoji kila kitu ataanza na serikali, aje kwa wazazi, kisha amalizie kwa Mungu. Wapo pia wahadhiri wanaoamini jambo hilohilo kutoka upande wa pili, kwamba mwanafunzi hawezi kufikiri sawasawa mpaka aiache Biblia mlangoni. Pande hizi mbili hazipatani kwa mengi, lakini katika jambo moja ziko pamoja: zote zinaona kuwa imani na maswali ni maadui.

Historia ya vyuo vikuu haiungi mkono dhana hiyo. Hicho tunachokiita leo fikra tunduizi, yaani kuipima hoja kabla ya kuikubali au kuikataa, kilipata mpango wake thabiti vyuoni mikononi mwa mapadre, watawa na maaskofu, miaka mia nane iliyopita. Kilifundishwa kwa wanateolojia, wanasheria na waganga. Katika insha hii tunataka kuona mpango huo ulizaliwaje, ulifanyaje kazi, na uliharibikia wapi. Sisi tunaofundisha vijana vyuoni leo tunauhitaji, na imani yetu inauhitaji pia.

Mababa wanapopingana

Mwanzoni mwa karne ya 12, elimu ya juu katika Ulaya Magharibi ilipatikana katika monasteri na katika shule za makanisa makuu. Mwalimu alisoma maandishi ya zamani na kuyaeleza, mwanafunzi akasikiliza. Maandishi hayo yalikuwa na heshima kubwa: Maandiko Matakatifu, na baada yake Mababa wa Kanisa kama Augustino, Ambrosi, Yeronimo na Gregori Mkuu. Shida ilikuwa kwamba Mababa hawa hawakukubaliana katika kila jambo, na wengi walipendelea kulipita hilo kimyakimya.

Peter Abelard, mwalimu aliyezaliwa mwaka 1079 huko Bretagne, Ufaransa, alikataa kulipita. Kuanzia kama mwaka 1121 alikusanya kitabu alichokiita kwa Kilatini Sic et Non, maana yake Ndiyo na Hapana. Katika umbo lake kamili kitabu hicho kina maswali 158 kuhusu imani, sakramenti na maadili. Chini ya kila swali Abelard aliweka maneno ya Mababa yanayoelekea kusema ndiyo, kisha yanayoelekea kusema hapana, na akayaacha hapo. Uamuzi hakuutoa. Alimwachia mwanafunzi kazi.

Lakini hakumwacha mikono mitupu. Katika utangulizi alitoa kanuni za kufanyia kazi hiyo. Kwanza hakikisha kwamba maneno uliyonayo ni ya mwandishi huyo kweli, na kwamba aliyeyanakili hakukosea. Angalia kama mwandishi baadaye alibadili mawazo, kama Augustino alivyoandika kitabu kizima cha kuyapitia upya maandishi yake mwenyewe. Angalia kama anatoa maoni yake au anasimulia maoni ya wengine. Chunguza kama neno moja limetumika kwa maana mbili tofauti. Ukimaliza yote hayo na mgongano bado upo, pima ni nani mwenye ushahidi wenye nguvu zaidi. Kwa Abelard, Maandiko Matakatifu yalikaa katika ngazi yao ya pekee, lakini waandishi wengine wote wangeweza kusomwa kwa uhuru wa kuwapima. Mwanafunzi wa leo anayepokea ujumbe uliosambazwa kwenye simu, ukidai kuwa umetoka kwa daktari fulani au askofu fulani, angefika mbali akizifuata kanuni hizo tu.

Abelard mwenyewe hakuwa mtu rahisi. Alikuwa na kiburi, na alijua kutengeneza maadui. Mwaka 1121, katika mtaguso wa Soissons, alilazimishwa kukitupa motoni kwa mkono wake mwenyewe kitabu chake juu ya Utatu. Miaka kama ishirini baadaye alihukumiwa tena huko Sens, Bernardo wa Clairvaux akiwa mshtaki wake mkuu. Alikufa mwaka 1142 akiwa amepokelewa na watawa wa Cluny.

Mtu alishindwa, lakini njia yake ilishinda. Peter Lombard, aliyekuja kuwa Askofu wa Paris, aliitumia kuandika kitabu ambacho kilibaki kuwa kitabu cha kiada cha teolojia kwa zaidi ya miaka mia tatu. Kule Bologna, Italia, karibu mwaka 1140, Gratian alifanya hivyo kwa sheria za Kanisa. Alikusanya kanuni zinazopingana, akaziweka ana kwa ana, na kutafuta namna ya kuzipatanisha. Wanasheria wakajifunza humo. Katika karne iliyofuata, hukohuko Bologna, mganga Taddeo Alderotti alifundisha tiba kwa kuuliza maswali juu ya vitabu vya Hippocrates na Galen badala ya kuvisoma tu kwa sauti. Teolojia, sheria na tiba zilikuwa na maudhui tofauti, lakini zilipata chombo kimoja cha kufanyia kazi.

Mlango mmoja wa kuingilia

Chuo Kikuu cha Paris kilikigeuza chombo hicho kuwa utaratibu. Mwaka 1215 mjumbe wa Papa, Robert wa Courson, alikipa chuo kanuni zake. Kulikuwa na kitivo cha sanaa, na juu yake vitivo vya teolojia, sheria ya Kanisa na tiba. Vijana waliingia kitivo cha sanaa wakiwa na umri wa miaka 14 au 15. Aliyetaka kufundisha sanaa ilimlazimu awe amesoma kwa miaka sita na kufikia mwaka wa 21 wa umri wake. Aliyetaka kufundisha teolojia alingoja hadi miaka 35. Kwa kawaida mtu hakuingia kwenye teolojia au tiba bila kupita kwanza katika kitivo cha sanaa, na somo lililotawala humo lilikuwa mantiki.

Hapa Mswahili ana sababu ya kutulia kidogo. Neno mantiki ni la Kiarabu, na halikutufikia kutoka Paris. Lilikuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, pamoja na hoja na falsafa, ingawa falsafa Waarabu nao waliipata kwa Wagiriki. Hata hivyo mto ni mmoja. Vitabu vingi vya Aristotle viliifikia Ulaya Magharibi katika karne ya 12, vingine vikitafsiriwa moja kwa moja kutoka Kigiriki, vingine kutoka Kiarabu katika miji kama Toledo, Hispania. Pamoja navyo vilikuja vitabu vya wanachuoni Waislamu, Ibn Sina na Ibn Rushd wa Cordoba. Huko Paris, Ibn Rushd aliheshimiwa kiasi kwamba aliitwa Mfafanuzi tu, kana kwamba hakuna mfafanuzi mwingine wa Aristotle. Tunaposema kwamba hoja fulani haina mantiki, tunatumia neno la wanachuoni walewale ambao mapadre wa Paris waliketi kuwasoma.

Kanisa halikuwapokea kwa mikono miwili. Mwaka 1210 maaskofu waliokutana Paris walipiga marufuku kusoma vitabu vya Aristotle juu ya maumbile. Kanuni za 1215 zilirudia katazo hilo. Mwaka 1231 Papa Gregori IX aliagiza vichunguzwe kwanza na kuondolewa makosa. Mwaka 1255 kitivo cha sanaa kiliviweka karibu vyote katika orodha ya vitabu vya lazima. Hiyo ni miaka 45 tu kutoka kukatazwa hadi kuwekwa katika mtaala. Katikati ya miaka hiyo walikuwapo watu waliosoma, wakabishana, wakatenganisha lililo sahihi na lililo kosa, na wakabaki waamini.

Siku mbili za mdahalo

Mmoja wa watu hao ni Thoma wa Akwino. Alizaliwa kama mwaka 1225, akajiunga na Wadominiko dhidi ya matakwa ya familia yake, ambayo ilimkamata na kumzuia nyumbani kwa kama mwaka mzima. Mwaka 1256 akawa mwalimu wa teolojia huko Paris, na kazi yake rasmi ilikuwa na sehemu tatu: kufafanua Maandiko, kuhubiri, na kuongoza midahalo.

Mdahalo wa chuo ulichukua siku mbili. Mwalimu alitangaza swali mapema. Siku ya kwanza waliohudhuria walitoa hoja za kupinga, na aliyewajibu hakuwa mwalimu bali mwanafunzi wake aliyekomaa, akiwa amesimama mbele ya watu huku mwalimu akimwangalia na kumsaidia anapokwama. Siku ya pili mwalimu alizipanga hoja zote, akatoa uamuzi wake na sababu zake, kisha akarudi kwa kila hoja ya kupinga na kuijibu. Aliyekuwa ametoa hoja nzuri hakuweza kuambiwa anyamaze tu. Alidaiwa jibu, na mwalimu ndiye aliyekuwa mdeni.

Mara mbili kwa mwaka, kuelekea Noeli na kuelekea Pasaka, kulikuwa na mdahalo mgumu zaidi. Yeyote aliruhusiwa kuuliza chochote, na walimu wengi waliuepuka. Thoma aliukubali mara nyingi. Aliulizwa juu ya Mungu na malaika, na siku moja aliulizwa kipi kina nguvu zaidi kati ya mvinyo, mfalme, mwanamke na ukweli. Alijibu hilo nalo kwa utaratibu uleule.

Katika mdahalo mmoja wa namna hiyo aliulizwa jambo linalotuhusu sisi walimu moja kwa moja: je, mwalimu aamue maswali kwa kutaja mamlaka, au kwa kutoa sababu? Thoma alitofautisha. Kama lengo ni kujua tu kwamba jambo ni la kweli, mamlaka inayokubaliwa na wasikilizaji yatosha. Lakini kama lengo ni kufundisha ili mtu aelewe, basi mwalimu lazima atoe sababu zinazofika kwenye mzizi. Akitaja mamlaka peke yake, msikilizaji atakuwa na uhakika kwamba jambo ndivyo lilivyo, lakini hatakuwa amepata ujuzi wowote, na ataondoka mtupu.

Tulitafakari neno hilo. Ni mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa anayesema kwamba mwanafunzi anaweza kuwa na majibu yote sahihi na bado akaondoka mtupu. Wanafunzi wetu wanaobeba madesa ya mwaka jana, wakayakariri usiku kucha na kuyatapika kwenye karatasi ya mtihani asubuhi, hawakosi majibu sahihi. Wanakosa kile Thoma alichokiita ujuzi.

Kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae, alichokianza kama mwaka 1265, kilikusudiwa kwa wanaoanza kusoma, na kimejengwa kwa umbo la mdahalo. Kila kipengele kinaanza na hoja za wanaopinga. Hufuata neno moja la upande mwingine, kisha jibu la Thoma mwenyewe, na mwisho majibu kwa hoja za kupinga, moja baada ya nyingine. Anapofika kwenye swali kama Mungu yupo, anaanza na sababu mbili za kusema hayupo. Ya kwanza: uovu upo duniani, na wema usio na mwisho ungeufuta. Ya pili: mambo ya dunia yanaelezeka kwa maumbile na kwa utashi wa binadamu, hivyo hakuna haja ya Mungu. Hoja hizo mbili ndizo kijana wetu anazokutana nazo leo kwenye simu yake na kudhani kwamba Kanisa halijawahi kuzisikia. Zimeandikwa na mtakatifu, kwa ufupi na bila kejeli, kabla hajaanza kujibu.

Pale mdahalo ulipogeuka hukumu

Tungekuwa tumedanganya kama tungeishia hapo. Paris hiyohiyo ilionyesha pia jinsi njia hii inavyokufa.

Mwaka 1240 jijini Paris, mbele ya Malkia Blanche, Rabi Yehiel aliitwa kujibu mashtaka dhidi ya Talmudi, yaliyotolewa na Nicholas Donin, Myahudi aliyekuwa amebatizwa. Tukio hilo liliitwa mdahalo. Lakini Wayahudi hawakuruhusiwa kuuliza nao maswali yao juu ya imani ya Kikristo. Ilikuwa kesi, na washtakiwa walikuwa vitabu. Miaka miwili baadaye mikokoteni mingi iliyojaa nakala za Talmudi zilizoandikwa kwa mkono ilichomwa moto hadharani. Waliobeba vitabu hivyo kwenda motoni waliishi katika mji uliojisifu kwa kujua kusikiliza hoja ya upande wa pili. Mdahalo ambao mmoja tu anadaiwa majibu hauna haki ya kuitwa jina hilo.

Tarehe 7 Machi 1277, miaka mitatu kamili tangu kifo cha Thoma, Askofu Étienne Tempier wa Paris alitoa orodha ya kauli 219 zilizokatazwa kufundishwa. Baadhi yake zilistahili kupingwa kweli. Nyingine zilikaribiana sana na mafundisho ya Thoma mwenyewe. Linalotushangaza zaidi ni umbo la hati yenyewe: ni orodha. Hakuna hoja ya mpinzani, hakuna sababu, hakuna jibu. Mwaka 1323 Kanisa lilimtangaza Thoma kuwa mtakatifu, na mwaka 1325 askofu mwingine wa Paris ililazimu aifute hukumu ile kwa kadiri ilivyomgusa.

Kuna kasoro ya tatu isiyotajwa sana. Kwenye madawati yale hakuketi mwanamke hata mmoja. Nusu ya hoja za binadamu hazikusikika, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwetu

Mabaki ya Paris tunayo, ingawa hatuyatambui. Katika seminari kuu zetu mwito wa upadre unaanza na falsafa, kama kule Ntungamo au Kibosho, kabla ya kufika kwenye teolojia. Huo ni utaratibu uleule wa kupita kwanza kwenye mantiki. Na mwanafunzi wa uzamivu, awe wa kilimo, uhandisi au historia, hapewi shahada mpaka asimame mbele ya jopo na kuitetea tasnifu yake. Huyo ni yule mwanafunzi wa Thoma wa siku ya kwanza. Kosa letu ni kuliacha zoezi hili mwishoni kabisa, kwa wachache, wakati wa Paris waliliweka mwanzoni, kwa wote.

Linaweza kurudishwa bila bajeti mpya na bila somo jipya. Katika darasa la uuguzi, mwalimu anaeleza habari za mtoto mwenye homa ambaye kila mtu ameshasema ana malaria. Kabla ya kutaja dawa, mwanafunzi mmoja anatakiwa atoe sababu tatu za nguvu kwamba si malaria. Katika darasa la sheria, anayetetea upande wa mlalamikaji anatakiwa kwanza aeleze kesi ya mlalamikiwa, kwa maneno ambayo mlalamikiwa mwenyewe angeyakubali. Katika uhandisi, kikundi kinachochora daraja kinakabidhi michoro yake kwa kikundi kingine chenye kazi moja, kutafuta linapoweza kuvunjika, na wenye daraja wanadaiwa jibu kwa kila tundu lililooneshwa. Katika theolojia na dini, tufanye alivyofanya Thoma: tuanze na swali la kijana jinsi anavyoliuliza kweli, tusilipunguze makali ili tulishinde kirahisi.

Na darasa la kwanza ni parokia. Siku hizi wapo wahubiri wanaouza mafuta, maji na ahadi za utajiri, na ulinzi wao mkubwa ni kuwafanya waamini waone kuuliza kuwa ni dhambi. Kijana aliyefundishwa katekisimu kwa kukariri tu, akakemewa kila alipouliza kwa nini, ametayarishwa vizuri kudanganywa na watu hao. Mtume Paulo aliwataka Wathesalonike wapime mambo yote na kushika lililo jema. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo ya Mitume kwa sababu walichunguza Maandiko kila siku kuona kama waliyoambiwa na Paulo mwenyewe ni kweli. Mama Maria na Yosefu walipomtafuta mtoto Yesu siku tatu, walimkuta hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Wahenga wetu nao walisema kuuliza si ujinga.

Hatusemi kwamba hoja humaliza kila kitu. Tarehe 6 Desemba 1273, baada ya Misa, Thoma aliacha kuandika. Aliwaambia waliomsihi aendelee kwamba yote aliyoyaandika aliyaona sasa kama makapi, akilinganisha na yale aliyokuwa ameoneshwa. Summa ilibaki haijakamilika, ikikatika katikati ya sakramenti ya kitubio. Lakini mtu aliyeona hivyo ni yule aliyekuwa amejibu maelfu ya hoja, bila kuikimbia hata moja kwa kuwa ilitoka kwa Myahudi, Mwislamu au mpagani. Alinyamaza baada ya kufanya kazi yake yote. Vijana wetu tunawanyamazisha kabla hawajaianza, na kwa hilo tutadaiwa jibu.